Jinsi ya kuuchunguza mto uliochafuliwa ukitaka kujua bakteria wake wamepataje usugu wa antibayotiki

Chukua maji ya mto wowote unaopokea maji taka, yapande kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye antibayotiki, na bakteria wataota tu, karibu kila mara. Tatizo ni kwamba wengi wanaishia hapo hapo, wanapiga picha ya sahani, wanaandika "mto una bakteria sugu" (yani wasiozuiwa na dawa) alafu wanafunga faili. Kiukweli hapo kazi ndo kwanza inaanza, manake swali lenye uzito ni jingine kabisa: huo usugu umeletwa na maji taka ukiwa tayari tayari, au mto wenyewe kwa uchafu uliomo unauzalisha na kuusambaza kwa bakteria wake wa asili? Majibu ya hayo maswali mawili yanakupeleka kwa watu tofauti. Kama umeletwa, mzizi ni kinyesi, kwahiyo unazungumzia vyoo na mitambo ya kusafisha maji taka. Kama unazalishwa pale pale, mzizi ni kemikali, na hapo unabisha hodi kiwandani. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au kikundi chenye maabara ya kawaida ya mikrobaolojia, sio lazima muwe na mashine za mamilioni.

Kwanza elewa kinachoendelea mle majini

Usugu haukuletwa na binadamu. Fangasi na bakteria wa udongoni walikuwa wanatengeneza antibayotiki mamilioni ya miaka kabla Alexander Fleming hajaiona penisilini mwaka 1928, na majirani zao walikuwa wanajifunza kujilinda muda wote huo. Mwaka 2011 zilichapishwa habari za DNA iliyotolewa kwenye udongo ulioganda miaka 30,000 huko Yukon, Kanada, na ndani yake kulikuwa na jeni za usugu dhidi ya jamii ya penisilini, tetrasaiklini, hadi vankomaisini. Kwahiyo ukikuta bakteria sugu hata kwenye chemchemi safi ya mlimani usishtuke na usikimbilie kulaumu mtu, hicho ni kiwango cha asili na lazima ukipime, tutarudi kwake.

Kinachobadilishwa na uchafuzi ni nani anashinda na jeni zinahamia wapi. Sehemu kubwa ya antibayotiki anayomeza mtu au mnyama hutoka kwenye mkojo na kinyesi ikiwa bado nzima, inaingia kwenye maji taka, na mitambo mingi haikujengwa kwa ajili ya kuiondoa. Ikifika mtoni imeshazimuliwa sana, na zamani watu walijipa moyo kwamba kiwango kidogo hivyo hakimuui bakteria yeyote kwahiyo hakina madhara. Hapo walikosea. Utafiti uliochapishwa 2011 na kundi la Uppsala, Uswidi, ulionyesha bakteria sugu wanaweza kuwapiku wenzao kwenye viwango vilivyo chini mara mia kadhaa ya kile kinachozuia bakteria kuota. Yani dawa haimuui yule asiye sugu, inampunguzia kasi tu, na kwa vizazi vingi hiyo tofauti ndogo inatosha kabisa.

Alafu kuna metali. Zebaki, shaba, zinki, sio antibayotiki lakini zinabeba usugu wa antibayotiki mgongoni, kwa sababu jeni za kuvumilia metali na jeni za kuvumilia dawa mara nyingi ziko kwenye plasmidi moja (kipande cha DNA kinachohama toka bakteria mmoja kwenda mwingine) au transposoni moja (kipande cha DNA kinachoruka toka sehemu moja ya DNA kwenda nyingine). Transposoni inayoitwa Tn21 ndo mfano unaojulikana zaidi, ina jeni za kuvumilia zebaki na pia ina integroni (sehemu ya DNA inayokusanya jeni) yenye jeni za usugu wa dawa, ukimwaga zebaki umechagua vyote viwili kwa mpigo, yani wenye jeni hizo ndo wanabaki na kuongezeka. Saa ingine ni pampu moja tu kwenye ukuta wa bakteria inayotapika nje metali na dawa kwa pamoja. Dawa za kusafishia sakafu na vifaa za kundi la amonia kwatenari nazo zinafanya kazi hiyo hiyo.

Jambo la tatu, na hili ndo linanifanya niumie zaidi na mito: bakteria wa mtoni sio wapokeaji tu, ni watoaji pia. Jeni za familia ya CTX-M, zinazoifanya antibayotiki ya sefotaksimu ishindwe kwa wagonjwa dunia nzima, asili yake ni kromosomu ya Kluyvera, bakteria wa mazingira wasiojulikana na watu wengi. Jeni ya qnrA, inayopunguza nguvu ya antibayotiki ya siprofloksasini, ilitoka kwa Shewanella algae, bakteria wa majini. Zilikaa huko kimya hadi zikapanda kwenye plasmidi na kuingia kwa vimelea vya binadamu. Mto mchafu unawakutanisha bakteria wa utumbo, bakteria wa maji, dawa na metali sehemu moja, wakiwa wamebanana kwenye utando unaoteleza juu ya mawe na kwenye tope la chini ambako kubadilishana plasmidi ni rahisi kuliko kwenye maji yanayokimbia. Ndo maana ukichukua maji peke yake unakosa nusu ya habari.

Chora mto kabla hujabeba chupa

Tembea kingo kwanza, bila kuchukua chochote. Andika kila bomba linalomwaga uchafu mtoni, mtaro, shamba lenye mifugo, bwawa la samaki, machinjio, jalala, na kila kijito kinachoingia. Alafu chagua chanzo kimoja unachokishuku na ukizungushie vituo: kimoja juu yake (mto unakotokea), kimoja kwenye bomba lenyewe, kimoja chini yake baada ya maji kuchanganyika vizuri, na kingine mbali zaidi chini kuona kama hali inarudi. Ukikosa cha bombani, usugu utakaokuta huko chini hutaweza kuueleza, nitakuonyesha kwanini.

Kituo cha juu ndo kinawaangusha watu wengi. Kikiwa juu ya bomba unalolichunguza lakini chini ya mtaro mwingine wa maji taka ambao hukuuona, basi hicho sio kipimo cha asili tena. Panda mpaka uwe na uhakika.

Kujua maji yamechanganyika, usibahatishe kwa macho. Shika mita ya upitishaji umeme, vuka mto toka ukingo mmoja hadi wa pili ukipima, namba zikilingana kote basi yamechanganyika, zikipishana bado ule mkondo wa bomba unatembea pembeni peke yake na inabidi ushuke zaidi.

Pia panga kwenda kiangazi na masika. Kiangazi mto una maji kidogo, kinachomwagwa hakizimuliwi, dawa na bakteria wa bombani wanakuwa wengi kwa kila lita. Mvua inapoanza mambo yanageuka, inazoa mbolea ya wanyama na uchafu wa juu ya ardhi, inatibua tope lililolala na bakteria wote waliokuwa humo wanapanda juu. Ukiwa na sampuli ya siku moja tu unasimulia siku hiyo, sio mto.

Kuchukua sampuli

Glavu kila wakati, kidonda kifungwe, na usiende peke yako, maji haya yana vimelea na mto ni mto. Anza na kituo cha chini kabisa ukipanda kwenda juu, ili tope utakalolitibua kwa miguu lisishukie kwenye sampuli yako inayofuata. Chupa iwe imetakaswa, izamishe mdomo ukielekea mkondo unakotoka, sentimita kama 30 chini ya uso wa maji, usigonge chini. Bombani kama maji yanatiwa klorini tumia chupa yenye sodiamu thayosulfeti, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na utafika maabara na majibu mazuri ya uongo.

Weka kwenye boksi lenye barafu, gizani, anza kupanda siku hiyo hiyo, yakipita masaa 24 usiyatumie kuhesabu. Kila safari beba pia chupa ya maji yaliyotakaswa, ifungue na kuifunga mtoni kama zile nyingine, kikiota kitu humo ujue uchafu ni wa mikono yako.

Tope chota ile sentimita chache ya juu tu. Kwa utando, mbinu nzuri ambayo haina gharama ni kufunga vigae safi mtoni na kuviacha wiki kadhaa, alafu unavitoa na kukwangua. Utando unakaa pale usiku na mchana ukipokea kila kinachopita, ikiwemo ile mimwago ya usiku wa manane ambayo chupa yako ya asubuhi haiwezi kuikamata. Mimi ningekuwa na uwezo wa kupima kitu kimoja tu ningechagua utando kabla ya maji.

Pale pale mtoni pima joto, pH, oksijeni, upitishaji umeme na amonia. Ni vipimo vya bei ndogo ila amonia ikipanda ghafla chini ya bomba inakupa dalili ya kinyesi kabla hata hujafika maabara. Kama kuna uwezekano wa kupima dawa zenyewe baadae, gandisha chupa ya kioo cha kahawia kwa kila kituo, na ujue cha kutafuta wapi: penisilini na ndugu zake huvunjika haraka kwenye maji, usipozikuta haimaanishi hazikumwagwa. Siprofloksasini na tetrasaiklini hunata kwenye tope. Sulfamethoksazoli na traimethoprimu ndo zinazoogelea mbali na maji.

Maabara

Bakteria rahisi wa kuanza nao ni E. coli, anayeishi utumboni, sio kwa sababu ndo muhimu kuliko wote mtoni, ni kwa sababu anajulikana vizuri na majibu yako yatalinganishika na ya wengine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 utaratibu unaofuatilia E. coli wenye vimeng'enya vinavyovunja sefotaksimu, kwa binadamu, kwenye mnyororo wa chakula na kwenye mazingira, na wazo lake ni jepesi sana: pitisha maji kwenye kichujio cha maikromita 0.45, weka kichujio juu ya agari ya TBX (agari ya kumtambua E. coli kwa rangi) ya kawaida, na kichujio kingine cha maji yale yale juu ya TBX yenye sefotaksimu miligramu 4 kwa lita. E. coli wanaota rangi ya bluu kijani. Ya kwanza inakupa jumla, ya pili inakupa walio sugu.

Maji ya lile bomba la maji taka zimua mara 10, 100, 1,000 na zaidi, panda yote, alafu hesabu sahani ambayo koloni (vidoa vya bakteria walioota) zinahesabika bila kupandiana. Dawa itie kwenye agari ikiwa imepoa hadi kama nyuzi 50, ukiitia ya moto dawa inaharibika na kila kitu kitaonekana sugu. Sahani zenye dawa zitumie zikiwa bado mpya. Na kila mara panda E. coli ATCC 25922 (bakteria wa kulinganishia anayetumika maabara nyingi) ambaye sio sugu, asiote kwenye dawa, pamoja na mwingine unayemjua ni sugu, huyu lazima aote. Wasipofanya hivyo tupa matokeo ya siku hiyo yote hata kama yanavutia, inauma lakini tupa.

Ukishapata koloni, zisafishe kwa kuzipanda upya, thibitisha ni nani, alafu fanya jaribio la diski (vipande vya karatasi vyenye dawa) kwenye agari ya Mueller-Hinton, mchanganyiko wa bakteria wenye ukungu wa McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wao), diski ziwekwe ndani ya dakika 15, masaa 16 hadi 20 kwenye nyuzi 35, pima kwa milimita kipenyo cha duara lisiloota bakteria kuzunguka diski. Andika kipenyo chenyewe, usiandike "sugu" au "sio sugu" peke yake. Mipaka ile ya CLSI ya Marekani na EUCAST ya Ulaya, taasisi zinazoweka viwango vya vipimo hivi, imetengenezwa kwa kuuliza mgonjwa atapona au la, bakteria wa mtoni hana mgonjwa. Kwake swali ni kama ametofautiana na wenzake wa asili wa spishi hiyo hiyo, na hiyo ni mipaka mingine, EUCAST wanayo kwa spishi kadhaa. Na usisahau wapo ambao ni sugu kwa kuzaliwa, Aeromonas wengi (bakteria wa maji) hawaguswi na ampisilini, Pseudomonas aeruginosa ana orodha ndefu, ukiwahesabu hao kama kazi ya uchafuzi umeharibu ripoti yako yote.

Vyombo vyote vilivyogusa bakteria vipite kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke) nyuzi 121 kabla ya kutupwa. Itakuwa jambo baya sana kuchunguza usugu mtoni alafu wewe mwenyewe ukaumwaga kwenye sinki.

Kusoma majibu, hapa ndo penyewe

Shika namba mbili kwa kila kituo: idadi ya walio sugu kwa mililita 100, na asilimia yao kwenye jumla. Zote mbili, usiache moja.

Tuseme juu ya bomba una E. coli 50, sugu 5. Bombani una 100,000, sugu 10,000. Chini una 2,000, sugu 200. Mtu akiangalia idadi tu atasema usugu umepanda mara 40, na ni kweli, anayeogelea pale anakutana na sugu wengi zaidi. Ila asilimia ni 10 kote. Hakuna kilichochaguliwa mtoni, mto umepokea kinyesi na kukizimua basi. Ukitaka kupunguza usugu hapo, safisha maji taka, utapunguza vyote.

Sasa badilisha: juu ni asilimia 2, bombani 15, chini 12. Asilimia imepanda, lakini bado inaelezeka kwa kuchanganyika tu, chini pako katikati ya juu na bomba. Wengi hapa wanatangaza mto unazalisha usugu. Bila ile sampuli ya bombani na mimi ningetangaza hivyo hivyo.

Dalili ya kweli ni chini pakizidi vyote viwili, juu na bomba, na ikajirudia kila ukienda. Hapo ama kuna mchaguo unaoendelea, ama jeni zinahama, ama walio sugu wanaishi muda mrefu kuliko wengine kwenye maji yale, ama kuna bomba lingine hukuliona. Rudi ukatembee kingo tena kabla hujaandika kitu. Dalili nyingine yenye nguvu ni bakteria wa asili wa maji, mfano Aeromonas, kuwa na jeni ambazo sio zao za kuzaliwa, na kuwa nazo nyingi zaidi kwenye utando na tope la chini ya bomba kuliko juu.

Ukipata nafasi ya kupima jeni, hata kwenye maabara ya jirani, omba nne. 16S, jeni iliyomo kwa kila bakteria, kwa ajili ya kujua bakteria wote ni wangapi. intI1 ya integroni za daraja la 1, ambayo hupanda karibu kila mahali palipochafuliwa na binadamu. sul1 ya usugu wa sulfonamaidi (kundi la sulfamethoksazoli), ambayo mara nyingi inasafiri pamoja na hiyo integroni. Na crAssphage, kirusi kinachoishi kwenye bakteria wa utumbo wa binadamu, hiki ndo shahidi wako wa kinyesi. Utafiti wa 2019 uliopitia data za sehemu nyingi duniani ulikuta jeni za usugu na crAssphage kwa kawaida zinapanda na kushuka pamoja, yani kinyesi kinaeleza sehemu kubwa ya usugu, bila kuhitaji maelezo ya mchaguo wa pale pale. Pasipofuata mkondo huo ni penye maji taka ya viwanda vya antibayotiki, jeni ziko juu mno ukilinganisha na kinyesi kilichopo.

Na viwanda hivyo vinaweza kufika mbali sana. Patancheru karibu na Hyderabad, India, mtambo uliokuwa ukipokea maji ya viwanda vya dawa kama 90 ulipimwa na matokeo yakachapishwa 2007, maji yaliyokuwa yanatoka yalikuwa na siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, zaidi ya inayokuwepo kwenye damu ya mgonjwa anayetumia hiyo dawa. Linganisha na kiwango cha maikrogramu 0.064 kwa lita ambacho watafiti walikipendekeza 2016 kama mpaka wa kutochochea usugu wa dawa hiyo hiyo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maji taka ya viwanda vinavyotengeneza antibayotiki, ukikuta mto wako una sura hiyo mwongozo huo uambatanishe na ripoti yako.

Kuiandika na kuipeleka

Weka kwenye jedwali moja vituo, viwianishi, tarehe, saa, mvua ya siku tatu zilizotangulia, jumla, sugu, asilimia, na matokeo ya sahani za udhibiti, hata zile siku zilizoharibika. Usiandike kwamba maji ya mto "yanasababisha" wagonjwa kuugua kama hukupima wagonjwa. Usiandike pia kwamba mto ni salama kwa kuwa asilimia haijapanda, idadi peke yake inamhusu anayechota, anayefua na mtoto anayecheza pale, na watu milioni 1.27 walikadiriwa kufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu, hii sio habari ya kuipunguza makali.

Mamlaka ya maji au ya mazingira wape jibu la lile swali la mwanzo kwa sentensi moja juu kabisa, umeletwa au unazalishwa, ushahidi ufuate chini. Baada ya hapo, bomba likitengenezwa au kiwanda kikibadilisha mtambo, rudi kwenye vituo vile vile, saa ile ile, msimu ule ule. Maji yanaweza kuonyesha nafuu mapema lakini tope linaweza kubaki na jeni na dawa zake kwa muda mrefu, na mvua kubwa ikilitibua namba zitaruka tena, kwahiyo endelea kuchota tope hata pale watu watakapokuambia maji yameshakuwa safi.